Kesi za Kupinga Matokeo ya Uchaguzi: Mwananchi Atambueje Yenye Mashiko?

TOSAMAGANGA, Iringa – Kila uchaguzi mkuu unapomalizika, mjadala wa matokeo huendelea kwa wiki kadhaa baada ya masanduku ya kura kufungwa. Zamani mjadala huo ulifanyika vijiweni, sokoni na baada ya ibada. Leo sehemu kubwa yake hufanyika kwenye simu za kiganjani, na mkazi wa Tosamaganga katika Halmashauri ya Wilaya ya Iringa hupokea taarifa ileile, kwa dakika ileile, na mkazi wa Mbeya, Arusha au Dar es Salaam. Mgombea fulani amekwenda mahakamani. Fulani ana ushahidi mzito. Kesi ya fulani ni ya kupoteza muda. Swali linalorudiwa ni moja: je, kesi hiyo ina mashiko?

Swali hilo ni la haki na mwananchi ana sababu ya kuliuliza. Tatizo ni kwamba mara nyingi hujibiwa kwa mapenzi ya chama badala ya vigezo. Anayemuunga mkono mlalamikaji huona kufunguliwa kwa kesi kuwa ni ushahidi tosha kwamba kura ziliibwa. Anayemuunga mkono mshindi huona kutupwa kwa kesi kuwa ni ushahidi tosha kwamba uchaguzi haukuwa na dosari hata moja. Sheria haikubaliani na yeyote kati ya hao wawili. Kufunguliwa kwa kesi ni mwanzo wa madai tu, na kutupwa kwake kunaweza kutokana na sababu nyingi, nyingine zisizohusu kabisa idadi ya kura.

Makala haya yanaeleza jinsi mashauri ya uchaguzi yanavyofunguliwa na kuamuliwa nchini, yanatoa mifano ya yaliyofanikiwa na yaliyoshindwa, na yanamwonesha msomaji mambo ya kuangalia kabla ya kuamini au kusambaza taarifa inayohusu shauri la aina hiyo.

Uchaguzi upi unaweza kupingwa, na wapi

Jambo la kwanza la kuuliza ni kuhusu nafasi inayobishaniwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 haizichukulii nafasi zote kwa namna moja.

Kwa upande wa ubunge, Ibara ya 83 inaelekeza kuwa shauri la kuhoji uhalali wa uchaguzi wa mbunge lifunguliwe na kusikilizwa kwanza katika Mahakama Kuu, na asiyeridhika akate rufaa Mahakama ya Rufani. Mkazi wa Tosamaganga, iliyomo katika Jimbo la Kalenga, hana haja ya kusafiri hadi Dar es Salaam, kwa kuwa Mahakama Kuu ina kanda yake Iringa mjini, mwendo mfupi wa gari kutoka kijijini. Mashauri ya udiwani, kwa upande wake, huanzia katika ngazi ya mahakama za mahakimu.

Kwa upande wa urais hali ni tofauti. Ibara ya 41(7) inasema kwamba mgombea akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Kwa hiyo taarifa inayodai kuwa mtu amefungua shauri Mahakama Kuu ya Tanzania ili matokeo ya urais yatenguliwe inapaswa kutiliwa shaka tangu mstari wake wa kwanza, kwa sababu Katiba iliyopo haiipi mahakama hiyo mamlaka ya kufanya hivyo.

Ibara hiyo yenyewe imekwisha kujadiliwa katika ngazi ya Afrika. Mwaka 2018 wakili Jebra Kambole aliwasilisha maombi katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha. Tarehe 15 Julai 2020 Mahakama hiyo iliamua kuwa kizuizi hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na ikaielekeza Tanzania kuchukua hatua za kikatiba na kisheria kukiondoa. Kabla ya hukumu hiyo, Novemba 2019, Tanzania ilikuwa imeondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi za kiraia kwenda moja kwa moja katika Mahakama hiyo, ingawa hatua hiyo haikuathiri mashauri yaliyokwisha kufunguliwa. Anayejadili suala hili anapaswa kuyashika mambo mawili kwa pamoja: kwamba Ibara ya 41(7) ndiyo iliyomo katika Katiba, na kwamba kuna hukumu ya Mahakama ya Afrika inayoikosoa. Kutaja moja na kuficha lingine ni kumnyima msomaji nusu ya habari.

Nani anaweza kufungua shauri

Kwa miongo kadhaa mashauri ya uchaguzi wa wabunge yaliongozwa na Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343. Mwaka 2024 Bunge lilitunga Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Namba 1 ya 2024, iliyochukua nafasi yake. Mwenye kusudio la kufungua shauri sasa anapaswa kuisoma sheria hiyo mpya. Hata hivyo, hukumu zilizotolewa chini ya sheria ya zamani bado ni mwongozo muhimu wa namna majaji wanavyopima madai ya aina hii.

Sheria ya zamani iliwataja wanaoweza kulalamika kuwa ni mpiga kura aliyepiga au aliyekuwa na haki ya kupiga kura katika uchaguzi huo, mgombea au anayedai kuwa alikuwa na haki ya kuteuliwa kugombea, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa kuusoma mstari huo peke yake, mtu angeweza kudhani kuwa mpiga kura yeyote anaweza kupinga jambo lolote. Shauri la Arusha Mjini lilionesha kuwa sivyo.

Godbless Lema wa CHADEMA alishinda ubunge wa jimbo hilo mwaka 2010. Wapiga kura watatu walikwenda mahakamani wakidai kuwa katika kampeni alitoa maneno ya kumdhalilisha mgombea mwenzake. Tarehe 5 Aprili 2012 Mahakama Kuu ilitengua ushindi wake. Lema alikata rufaa, na tarehe 21 Desemba 2012 Mahakama ya Rufani ilimrejeshea ubunge. Sababu ya uamuzi huo ni somo zito. Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa mpiga kura anaweza kupinga uchaguzi pale ambapo haki zake yeye mwenyewe zimeingiliwa, na katika shauri hilo aliyedaiwa kuguswa na maneno hayo ni mgombea, ambaye hakuwa mlalamikaji.

Ukumbi wa mjadala unapenda jibu la ndiyo au hapana: je, maneno yale yalisemwa au hayakusemwa? Rufaa haikuamuliwa kwa swali hilo. Iliamuliwa kwa swali la nani mwenye haki ya kulalamika. Ndiyo maana msomaji makini, akisikia kuwa mlalamikaji ameshindwa, huuliza ameshindwa kwa hoja gani kabla ya kutoa hukumu yake mwenyewe.

Muda na gharama

Shauri la uchaguzi halisubiri. Chini ya Sura ya 343, mlalamikaji alikuwa na siku 30 tangu matokeo yalipotangazwa kufungua shauri lake. Muda huo ukipita, hata mwenye ushahidi mzito hukuta mlango umefungwa. Kwa hiyo taarifa inayotangaza, miezi mingi baada ya uchaguzi, kuwa kesi kubwa inaandaliwa inahitaji swali moja tu: inaandaliwa kwa muda upi?

Sababu ya haraka hiyo si kumkomoa mlalamikaji. Mbunge aliyetangazwa huapa, huingia katika kamati na kupigia kura sheria na bajeti. Wananchi wa jimbo wanahitaji kujua mapema kama mwakilishi wao ni halali. Kadiri mashaka yanavyodumu ndivyo jimbo linavyodhoofika.

Jambo la pili ni fedha. Sheria iliweka sharti la dhamana ya gharama, yaani fedha ambazo mlalamikaji huweka mahakamani ili akishindwa, upande wa pili uweze kulipwa. Sharti hilo liliwahi kupingwa vikali. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000, Julius Ndyanabo, aliyekuwa mgombea katika Jimbo la Nkenge, alikwama kwa sababu sheria ilitaka aweke shilingi milioni 5 kabla shauri lake halijapangiwa tarehe ya kusikilizwa. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani iliamua kuwa sharti hilo, kwa namna lilivyokuwa limeandikwa, lilikuwa kinyume cha Katiba kwa kuwa lilimfungia mtu asiye na uwezo mlango wa kuitafuta haki. Sheria ikarekebishwa: shilingi milioni 5 zikawa kiwango cha juu kwa kila mjibu maombi, na asiyeweza kulipa akaruhusiwa kuiomba Mahakama imwondolee au impunguzie mzigo huo.

Hukumu ya Ndyanabo inatajwa hadi leo katika mashauri mengi yasiyohusu uchaguzi, kwa sababu ilithibitisha kuwa haki ya kusikilizwa si ya wenye fedha pekee. Inamkumbusha pia mwananchi kuwa shauri linaloishia katika hatua ya dhamana halijapimwa kwa ushahidi. Halikuthibitishwa wala halikukanushwa.

Kasoro, na kasoro iliyoathiri matokeo

Hapa ndipo mjadala mwingi unapopotea. Watu wengi huamini kuwa kasoro yoyote ikithibitishwa, uchaguzi hufutwa. Sheria haisemi hivyo. Sura ya 343 ilitaja sababu chache za kubatilisha uchaguzi wa mbunge: kampeni zilizotumia tofauti za kabila, rangi au dini, ukiukwaji wa sheria ya uchaguzi ulioathiri matokeo, na mgombea kutokuwa na sifa za kugombea wakati anachaguliwa.

Maneno “ulioathiri matokeo” ndiyo uti wa mgongo wa sababu ya pili. Yalianza kufafanuliwa mapema, katika shauri la Mbowe dhidi ya Eliufoo lililotokana na uchaguzi wa mwaka 1965 na kuripotiwa mwaka 1967, chini ya Jaji Mkuu Telford Georges. Tangu wakati huo mahakama zimekuwa zikirudia msimamo kwamba uchaguzi ni uamuzi wa maelfu ya watu, hivyo hautenguliwi kwa tetesi wala kwa uwezekano tu. Anayetaka utenguliwe anabeba mzigo wa kuthibitisha madai yake kwa kiwango cha juu, pasipo kuacha shaka ya msingi.

Mfano wa hesabu unasaidia. Chukulia mgombea ameshinda kwa tofauti ya kura 5,000. Mlalamikaji anathibitisha kuwa katika kituo kimoja chenye wapiga kura 400 wakala wake alitolewa nje na matokeo ya kituo hicho hayaaminiki. Hilo ni kosa, na waliolitenda wanapaswa kuwajibika. Lakini hata kura zote za kituo hicho zikiondolewa, au zote akipewa aliyeshindwa, mshindi habadiliki. Sasa chukulia tofauti ni kura 150. Kituo kilekile, kosa lilelile, lakini uzito wake mbele ya jaji umebadilika kabisa. Kwa hiyo kila anaposoma kuwa kasoro zimegunduliwa, mwananchi anapaswa kuuliza: ni vituo vingapi, kura ngapi, na tofauti ya ushindi ilikuwa kiasi gani?

Hata hivyo hesabu si kila kitu. Yapo makosa ambayo hayapimwi kwa kituo kimoja kimoja kwa sababu yanagusa uwanja mzima wa ushindani. Mfano unaojulikana zaidi ni uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa mwaka 1994. Dkt. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA alipinga ushindi wa Azim Premji wa CCM. Mahakama Kuu ilitengua matokeo, na mwaka 1996 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa ni namna Radio Tanzania Dar es Salaam, chombo cha umma, ilivyotangaza habari za kampeni kwa kuupendelea upande mmoja. Wakati huo mfumo wa vyama vingi ulikuwa na miaka miwili tu tangu urejeshwe, na hukumu hiyo iliweka wazi kuwa chombo kinachoendeshwa kwa kodi ya wananchi wote kina wajibu kwa wagombea wote.

Yaliyofanikiwa na yaliyoshindwa

Uchaguzi wa mwaka 2015 ulitoa mifano ya pande zote mbili. Katika Jimbo la Longido, Onesmo Nangole wa CHADEMA alitangazwa mshindi, na mpinzani wake wa CCM, Dkt. Steven Kiruswa, akaenda mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitengua matokeo. Nangole hakufanikiwa katika jitihada zake Mahakama ya Rufani, na Januari 2018 wananchi wa Longido walipiga kura tena, Kiruswa akachaguliwa. Katika Jimbo la Kigoma Kusini, David Kafulila, aliyetangazwa kushindwa na Hasna Mwilima, alifungua shauri, lakini mwaka 2016 Mahakama Kuu haikushawishika na ikalitupilia mbali.

Mifano hii inaonesha mambo mawili. Kwanza, mashauri ya uchaguzi nchini si mapambo, kwani yapo yaliyobadilisha mbunge. Pili, walalamikaji hutoka katika vyama vyote, chama tawala na vya upinzani. Anayedai kuwa kufungua shauri ni tabia ya upande mmoja tu anaisahau historia.

Mwananchi anapaswa pia kujua gharama ya ushindi wa mlalamikaji. Matokeo yakitenguliwa, mlalamikaji kwa kawaida hapewi kiti. Jimbo hurudi kwenye sanduku la kura. Wakazi wa Tosamaganga wanaijua kazi hiyo. Waziri wa Fedha na Mbunge wa Kalenga, Dkt. William Mgimwa, alipofariki dunia tarehe 1 Januari 2014, jimbo lilifanya uchaguzi mdogo tarehe 16 Machi mwaka huo, na Godfrey Mgimwa akachaguliwa. Uchaguzi ule ulitokana na msiba wala si na shauri, lakini maandalizi yake yalikuwa yaleyale: wagombea kuteuliwa, kampeni, vituo kufunguliwa na wananchi kuacha shughuli zao wakapange foleni.

Funzo kutoka kwa majirani

Nchi jirani zinazoruhusu matokeo ya urais kupingwa zimetoa hukumu ambazo zimejadiliwa sana nchini. Nchini Kenya Katiba inatoa siku 7 za kufungua shauri na siku 14 za kuliamua. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilibatilisha uchaguzi wa Agosti 8 kwa kura nne za majaji dhidi ya mbili. Hoja kuu ilikuwa mchakato: namna matokeo yalivyosafirishwa na kuhakikiwa, na Tume kushindwa kutii kikamilifu amri ya kufungua mitambo yake ikaguliwe. Miaka mitano baadaye, tarehe 5 Septemba 2022, Mahakama hiyohiyo, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, ilitupilia mbali shauri la mlalamikaji yuleyule, Raila Odinga, kwa sauti moja. Safari hii fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa zimewekwa wazi kwenye tovuti ya Tume ili kila mtu ajumlishe mwenyewe, na Mahakama ilikuta kuwa baadhi ya nyaraka za kielektroniki zilizoletwa kama ushahidi hazikuwa za kweli.

Tofauti kati ya 2017 na 2022 haikuwa katika ukubwa wa malalamiko. Ilikuwa katika ushahidi. Na kuna funzo kwa mamlaka pia: mwaka ambao mitambo haikufunguliwa ndio mwaka ambao mashaka yalipata nguvu mahakamani, na mwaka ambao fomu ziliwekwa wazi ndio mwaka ambao mashaka yaliweza kupimwa na kujibiwa.

Nchini Malawi, tarehe 3 Februari 2020, Mahakama ilibatilisha uchaguzi wa urais wa Mei 2019 baada ya kuthibitishwa, pamoja na mambo mengine, kuwa fomu nyingi za matokeo zilikuwa zimefutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya. Uchaguzi ulirudiwa Juni 23 mwaka huo. Nchini Uganda, katika shauri la mwaka 2006 lililofunguliwa na Dkt. Kizza Besigye, majaji walikubali kuwa sheria ilikiukwa, lakini wanne dhidi ya watatu waliona kuwa ukiukwaji huo haukuathiri matokeo kwa kiwango cha kuyatengua. Nchini Marekani, baada ya uchaguzi wa Novemba 2020, mashauri zaidi ya 60 yalifunguliwa na karibu yote yakashindwa. Wingi wa kesi haukuziba upungufu wa ushahidi.

Picha ya simu si fomu

Ushahidi mkubwa katika mashauri ya uchaguzi nchini ni karatasi. Kura zikishahesabiwa kituoni, matokeo hujazwa katika fomu maalumu ambazo kwa miaka mingi zimejulikana kwa namba: 21A kwa urais, 21B kwa ubunge na 21C kwa udiwani. Mawakala wa vyama husaini na kupewa nakala, na matokeo hubandikwa kituoni. Wakala aliyekaa kituoni tangu asubuhi, akahesabu, akasaini na kutunza nakala yake ana uzito mahakamani kuliko maelfu ya watu waliosambaza ujumbe bila kukanyaga kituo hicho. Kinyume chake, chama ambacho hakikuweka mawakala, au mawakala wake walisaini bila kusoma, hujikuta mahakamani kikiwa na uchungu mwingi na karatasi chache.

Hii haina maana kuwa picha, sauti au video hazipokelewi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, lakini inaitaka mahakama ipime uaminifu wake: ulitengenezwaje, ulitunzwaje, ulisafirishwaje, na nani anaweza kuutambulisha. Picha ya fomu isiyojulikana nani aliipiga, wapi na lini, iliyopita katika makundi kumi kabla ya kumfikia msomaji, ni vigumu kuvuka maswali hayo. Picha ileile ikiletwa na wakala aliyeipiga mwenyewe, pamoja na nakala halisi ya fomu, ina sura nyingine.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inagusa mjadala huu. Kifungu cha 16 kinakataza kuchapisha taarifa ambazo mtu anajua kuwa ni za uongo au za kupotosha, kwa nia ya kuudanganya umma au nia nyingine ovu zilizotajwa humo. Ni vema kusisitiza maneno “anajua” na “nia”. Kuuliza swali kuhusu matokeo, kutaka fomu zioneshwe au kutoa maoni kuhusu hukumu si kusema uongo.

Maswali sita kabla ya kuamini

Kutokana na yaliyoelezwa, mwananchi anayepokea taarifa kuhusu shauri la uchaguzi anaweza kujiuliza maswali sita.

Moja, je, shauri limefunguliwa kweli, katika mahakama gani na kwa namba gani? Shauri lililopo lina namba masjala. Mbili, je, mahakama hiyo ina mamlaka juu ya nafasi inayobishaniwa? Tatu, je, mlalamikaji ana haki ya kulalamika, na amefika ndani ya muda? Nne, anadai kosa gani hasa, katika vituo gani na kwa kura ngapi ukilinganisha na tofauti ya ushindi? Tano, ushahidi wake ni nini: fomu na mashahidi waliokuwapo, au maneno yaliyosikika? Sita, kama shauri limekwisha, liliamuliwa kwa ushahidi au kwa pingamizi la awali kuhusu utaratibu?

Swali la sita ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linalowatendea haki wote wawili. Linamlinda mlalamikaji asiitwe mwongo kwa kuwa tu alikosea utaratibu, na linamlinda mshindi asiitwe mwizi kwa kuwa tu kuna mtu aliyemshtaki.

Majibu ya maswali hayo hayahitaji kusubiri mtu wa kuyatafsiri. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani huchapishwa katika tovuti ya TanzLII inayosimamiwa na Mahakama ya Tanzania, ambako mtu anaweza kuzisoma bila malipo kwa simu ileile iliyomletea tetesi. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, jambo ambalo bado ni kikwazo kwa wananchi wengi, lakini mwalimu, mwanafunzi wa sekondari au mtumishi mmoja wa kijiji anaweza kuwasaidia wengine kuzielewa. Mashauri yenyewe husikilizwa katika mahakama ya wazi, na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza.

Imani katika uchaguzi hujengwa mapema kuliko siku ya hukumu. Hujengwa kituoni, pale msimamizi anapojaza fomu bila kufutafuta, wakala anapoisoma kabla ya kusaini, matokeo yanapobandikwa mahali panapoonekana, na mpiga kura anaposimama kuyasoma. Mambo hayo yakifanyika katika kituo cha Tosamaganga na katika kila kituo kingine, anayelalamika atakuwa na cha kuonesha, na anayelalamikiwa atakuwa na cha kujibu.